Kilwa hadi Lindi kwa Siku Sita, Nikatumia Tisa

Nilisafiri kwa sababu nilipunguzwa kazi. Miaka kumi na tisa nilikuwa mpanga ratiba katika shirika la mabasi: basi lipi liondoke saa ngapi, dereva yupi alale wapi. Kisha ikaja ruksa. Mabasi ya watu binafsi yakamwagika barabarani, nayo yalikuwa na ratiba moja tu: yakijaa, yanaondoka. Mtu wa ratiba akawa hana tofauti na kinyozi kwenye ukoo wa wenye vipara. Nikapewa barua, nikarudi nyumbani kwa mume ambaye shirika lake lilitangulia kufungwa, na watoto wawili wa sekondari ambao walikuwa hawajaambiwa lolote.

Ndipo nikaletwa kwa Bwana Hemedi, aliyekuwa amefungua ofisi ya kupokea wageni Kariakoo: chumba kimoja, meza mbili, ya pili haina mtu. Alikuwa na wageni wa aina mpya, Wazungu wenye mabegi mgongoni wasiotaka gari la kukodi wala mtu wa kuwaongoza. Walitaka karatasi tu, iwaambie panda hapa, shuka pale.

"Simba wameshawaona," alisema. "Sasa wanataka magofu. Magofu ya pwani, ya milimani, na mabonde yake. Nipatie Kilwa hadi Lindi kwa siku sita, kwa usafiri wa wananchi na miguu. Uipite njia mwenyewe, Bi Odilia, kila saa uiandike. Daftari likifika hapa Jumatatu ya wiki ile nyingine, saa nne asubuhi, meza ile ni yako."

"Na likichelewa?"

"Kuna mwenzako wa shirika naye anaitaka."

Niliitazama ile meza. Ilikuwa na mguu mmoja mfupi, umewekewa kigae. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha mbao.

Ijumaa alfajiri niliondoka Dar. Ile barabara ya kusini wanaoijua hawahitaji kuelezwa, na wasioijua hawatasadiki. Tulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, tukala vumbi hadi usiku, nikalala Kilwa Masoko nikiwa na rangi ya udongo mwekundu hadi masikioni. Siku hii haikuhesabiwa. Siku ya kwanza ingeanza kesho yake.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilivuka kwenda Kisiwani na kibali changu mkononi. Msikiti mkuu: dakika arobaini. Gereza, yaani ile ngome ya zamani: dakika ishirini. Husuni Kubwa iko mbali kidogo, na njia yake inapita mikokoni, kwa hiyo mgeni asiende maji yakiwa yamejaa labda kama anataka kuogelea na viatu. Mlinzi wa magofu alinifuata nyuma akiniangalia ninavyotazama saa.

"Dada, watu wanakaa hapa kutwa," alisema.

"Wanafanya nini?"

Alifikiri. "Wanakaa," akasema.

Niliandika muda wa saa nne na nusu kwa kisiwa chote, chai ikiwemo.

Jumapili nilimaliza Kivinje: nyumba za zamani zenye milango mikubwa na miti iliyoota ndani sebuleni. Jumatatu nilitoka kwa gari hadi Nangurukuru, nikapata lori la mizigo linalopanda Kipatimu, kwenye milima ya Umatumbi. Lori hilo ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa ratiba yangu. Lilipanda Jumatatu na Alhamisi, likashuka Jumatano na Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nilimuuliza dereva mara tatu kama ni kamili kweli. Mara ya tatu aliniambia nishuke nikaendeshe mwenyewe.

Mpango ulikuwa hivi. Jumanne niende Kibata kwa miguu, nipande kilima chenye gofu la boma la Wajerumani, nishuke bonde lake, nirudi Kipatimu jioni. Jumatano nipande lori la kushuka, Alhamisi niwe Lindi. Ulikuwa mpango mzuri. Hata sasa nikiutazama kwenye karatasi sioni kosa.

Kosa lilikuwa mimi. Mimi ni Mngoni, na Wangoni na Wamatumbi ni watani. Msomaji wa nyumbani anajua maana yake, lakini kwa vijana waliozaliwa mjini nitaeleza. Zamani babu zetu walipigana na babu zao, wakachoka, wakakubaliana kutukanana badala yake. Mtani akikuchukulia kofia, hununi. Na pakiwa na msiba, mtani ndiye mtumishi wa kwanza: anachota maji, anapika, anaigiza marehemu, anawachekesha wafiwa hadi tanga liishe. Haondoki. Mtani akipita msiba wa mtani wake bila kusimama, ni aibu inayofika Songea kabla yake.

Haya yote niliyajua nikiwa bado Dar. Kwa hiyo nilijiandaa. Niliamua kwamba nikiulizwa kabila Umatumbi, nitasema mimi ni Muha wa Kigoma. Nilichagua Kigoma kwa kuwa ni mbali na hakuna atakayeniuliza habari za huko. Nilitenga dakika sifuri kwa ajili ya utani.

Jumanne, saa sita mchana, nilifika chini ya kilima cha boma. Njia inapita uani kwa watu, hakuna nyingine: mkono mmoja jiwe, mkono mwingine bonde. Na uani kwa watu palikuwa na majamvi yametandikwa, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Bibi mwenye nyumba, Bi Somoye, alikuwa amefariki alfajiri ile. Angezikwa alasiri.

Huwezi kupita msiba na begi mgongoni kama unapita soko. Nilivua viatu, nikaingia upande wa wanawake, nikatoa pole. Nilijipa robo saa. Binti wa marehemu, Mama Saidi, mwanamke wa rika langu, alikuwa amekaa ukutani macho makavu kabisa. Walininong'oneza kwamba tangu asubuhi hajalia, hajasema, maji hajanywa. Aliyekuwa akipokea wageni ni shangazi yake, Bi Mwanne, mwembamba, mwenye ugoro puani na macho ya askari wa forodha.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mgeni watoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Dar hakuna mtu anayetoka, watu wanakwenda tu. Kwenu wapi?"

"Kigoma. Mimi ni Muha."

"Ahaa," alisema Bi Mwanne, akanitazama kuanzia miguuni. "Karibu, Muha. Maana nilikuogopa. Nilidhani ni wale walaji wetu, Wangoni."

Nikahesabu: dakika ya nane.

"Wewe huwajui hao," akaendelea, akiwageukia wenzake. "Walikuja hapa na mikuki kuteka wanawake. Babu yetu akawawekea ugali wa muhogo. Wakala, wakasahau mikuki, wakasahau na wanawake. Mpaka leo mikuki yao ndiyo tunayochomea panya."

Wanawake wakaguna kwa furaha. Mimi nikaitazama saa yangu. Nilikumbuka meza, nikakumbuka watoto, nikakumbuka lori.

"Basi wakarudi kwao wanakimbia," alisema Bi Mwanne, "na tangu siku hiyo Mngoni akisikia mchi unatwanga anajua ni vita."

"Walikimbia ugali wenu!" nilisema. Nilijisikia nikisema. "Muhogo mchungu ule, hamkujua hata kuuloweka. Babu zetu walikuja kuteka wanawake, wakaonja mapishi yao, wakasema hawa tuwaachie wenyewe!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Hata upande wa wanaume waligeuka. Kisha Bi Mwanne akapiga kigelegele kimoja kirefu, msibani, marehemu akiwa ndani, na hakuna aliyemkataza.

"Mtani huyo! Mtani amejificha Uha! Mshikeni!"

Walinishika. Begi likaenda huku, viatu vikaenda kule, saa yangu ikavuliwa mkononi, na daftari la ratiba likafungwa kwenye upindo wa khanga ya Bi Mwanne. "Njia ya mwongo fupi," aliniambia. "Yako haikufika hata kilimani." Nilimweleza kuhusu lori. Nilimweleza kuhusu kazi, meza, watoto, Jumatatu saa nne. Alinisikiliza vizuri sana, akaniambia pole, akanipa ndoo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ndoo dakika ya ishirini.

Kisima kiko chini bondeni. Kwenye ramani ya Bwana Hemedi bonde lile lilikuwa mstari mwembamba wa kijani. Nililishuka na kulipanda mara sita siku ile, ndoo kichwani, na ninaweza kuwaambia wageni wote wa dunia kwamba njia ya kushoto ina utelezi, ya kulia ina upupu, na kwamba mstari ule wa kijani una ngazi za mawe kwa mbali upande wa juu ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Safari ya nne niliketi kwenye mojawapo nikalia. Sitasema nilimlilia marehemu, sikumjua. Niliililia meza. Nilikuwa na hasira na Bi Mwanne, na babu zangu, na mdomo wangu.

Saa kumi wanaume walikwenda kuzika. Wanawake tukabaki na Mama Saidi, na macho yake yale yale makavu. Bi Mwanne akaniita pembeni. Alikuwa hana tena sauti ya forodha.

"Huyu mtoto tangu asubuhi hajafunguka," alisema. "Akilala hivi ataumwa. Mtani, kazi yako hiyo."

Akanipa khanga ya marehemu, kuukuu, na fimbo yake. Nikamwambia mimi sikumwona marehemu hata mara moja, nitamwigiza vipi?

"Alichechemea mguu wa kulia. Ugoro. Na hakumsifu mtu hata siku moja. Huyu binti akipika, amsifu? Thubutu! Anaonja, anasema, 'Chumvi imesafiri?'"

Kazini kwangu sikuwahi kufanya jambo bila kulijaribu kwanza. Hapa nilijitanda khanga, nikashika fimbo, nikaingia nikichechemea. Nilikosea mguu, wakanizomea, nikabadilisha. Nilimfukuza kuku. Niliwauliza wanawake kwa nini wamejaa nyumbani kwangu na nani amewaalika. Wakaanza kucheka. Mama Saidi hakucheka. Alikuwa akiutazama mguu.

Kwenye jiko la mawe kulikuwa na chungu cha kunde, alizoziinjika yeye mwenyewe usiku, mama yake akiwa hai. Nilichota kwa upawa, nikaonja, nikamtazama.

"Wewe," nilimwambia. "Chumvi imesafiri?"

Akafungua kinywa. Kwanza kilitoka kicheko, kifupi, kama cha mtu aliyekanyagwa. Kisha akasema, "Mama, nimeweka," na hapo kilio kikatoka chote, akaniangukia miguuni akaishika ile khanga, nami nikakaa chini nikamshika. Nilikuwa sijui tena naigiza nani. Mama yangu mzazi alizikwa Songea bila mimi. Nilikuwa ofisini napanga mabasi ya Pasaka, na nilisema nitakwenda ratiba ikitulia. Mtani fulani aliigiza kutembea kwake, waliniambia baadaye, akapatia. Sikuwepo kumwona.

Mama Saidi alikunywa maji magharibi ile. Vikombe viwili.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, lori liliondoka Kipatimu. Kibata ni mbali, sikulisikia. Lakini nilijua, maana nililiandika mwenyewe. Nilikuwa napepeta mchele.

Siku mbili zilizofuata sina mengi ya kusema ila kwamba nilitukanwa vizuri na nilijibu. Nilichota maji, nilitwanga, nilidai kofia ya shemeji mmoja nikapewa kuku. Alhamisi tanga liliondolewa baada ya dua na ubwabwa. Jioni Mama Saidi akaniambia, "Mtani, si ulikuja kuona mawe?" Tukapanda pamoja. Kutoka uani kwake hadi juu ni dakika kumi na mbili. Kuta zipo, paa hakuna, mbuzi wapo. Ukisimama kona ya kaskazini unaona vilima vimepangana hadi macho yachoke.

"Kuna nini huku kwa Wazungu?" aliniuliza.

"Wanapenda kitu kilichobomoka."

"Basi waje nyumbani kwangu, paa linavuja." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Bi Mwanne alinifungulia upindo, akanirudishia daftari. Alikuwa ameliangalia, au kuna mtu alimsomea. "Umeandika hapa nusu saa," alisema, kidole juu ya Kibata. Alinivalisha saa mwenyewe, akaikaza tundu moja kuliko nilivyozoea.

Jumamosi, saa sita mchana, lori la Kipatimu lilinishusha Nangurukuru. Hapo njia panda palikuwa na basi la Dar linaita abiria, viti vipo. Ningelipanda, Jumapili ningelala kwangu, na Jumatatu saa nne ningekuwa mbele ya Bwana Hemedi na nusu ya njia. Nilikwenda hadi mlangoni. Kondakta akashika begi langu. Lakini nusu ya njia ni nini? Mgeni wa watu ataishia Nangurukuru akila mihogo ya kukaanga hadi viza imwishie. Nimepanga ratiba miaka kumi na tisa, sijawahi kumwacha abiria njia panda. Nilimnyang'anya kondakta begi langu, akanitukana, nami nikamwuliza kabila lake. Hakuwa mtani. Nikamsamehe.

Nilikwenda kusini. Jioni nikafika Mchinga, nikalala kwa mama mmoja muuza nazi aliyeniuliza kwa nini nina upupu shingoni. Jumapili asubuhi nilipata gari dogo la kuingia Milola, bonde pana lenye mashamba pande zote mbili, nikalitembea kwa saa tatu bila kufiwa na mtu yeyote. Saa kumi na moja jioni nilikuwa Lindi, mbele ya ghuba, miguu majini. Siku ya tisa. Nikaandika, nikapiga mstari.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa ndani ya basi la kurudi, mahali fulani baada ya Mchinga, tairi limepasuka. Niliitazama saa ikipita saa nne. Sitadanganya, niliumia. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mume wangu, nikaona hakuna namna nzuri.

Jumatano niliingia ofisini kwa Bwana Hemedi. Kwenye meza ya pili alikuwa amekaa mwenzangu wa shirika, kigae mguuni pake. Alikuwa amepima njia kwa rula juu ya ramani, akaileta Jumatatu saa tatu na nusu. Njia yake ilikuwa ya siku tano na nusu. Alinisalimia kwa adabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Bi Odilia," alisema Bwana Hemedi, "mtu wa ratiba kuchelewa siku mbili!"

Nikamweleza yote, mlango hadi mlango. Sikuuficha Uha. Alipokea daftari, akalifungua, akasoma muda mrefu. Alisoma upupu. Alisoma ngazi za mawe. Akafika Kibata, ambako nilikuwa nimefuta nusu saa na kuandika: *Njia inapita uani kwa Mama Saidi. Piga hodi. Kaa.*

"Kaa muda gani?"

"Inategemea utawakuta na nini."

Akamgeukia mwenzangu. "Kwako hapa pana nini?"

Mwenzangu akatazama karatasi yake. "Mstari," alisema.

Bwana Hemedi akavua miwani. Alisema meza imeshapata mwenyewe, hawezi kumwinua mtu aliyefika kwa wakati, na kwamba nami ningekuwa mahali pake nisingemwinua. Ni kweli, nisingemwinua. Lakini njia hiyo, alisema, karatasi haiitoshi. Inataka mtu wa kutangulia mbele na kupiga hodi. Kama sioni vibaya kufanya kazi ya miguu.

Niliona vibaya siku mbili. Siku ya tatu watoto walifukuzwa shule kwa kukosa ada, nikaenda kuchukua begi.

Hivi ndivyo nilivyoacha kupanga ratiba za wengine. Nilichojifunza ni kidogo: nimeacha kuwaambia watu nitakapofika, na nimeacha kuwaambia mimi ni wa kwingine. Kundi langu la kwanza lilikuwa watu watatu, wapole, na kila mmoja ana saa yenye taa. Asubuhi ile tukiwa Masoko, mrefu wao alitoa kalamu na kadaftari, akaniuliza Lindi tutafika siku gani, kwa uhakika.

"Alhamisi," nilimwambia, "Mungu akipenda, na Wamatumbi wakiwa wazima."

Akaandika Alhamisi.